Rezista ya Wandera na Kibano cha Nekesa

Nyinyi mnaofungua simu siku hizi na taa kichwani na miwani ya kukuza machoni, nataka niwaambie habari ya kifaa kimoja kilichonitia adabu nikiwa na miaka sabini na kitu. Nasema na kitu kwa sababu mama aliniambia nilizaliwa mwaka wa nzige, na nzige walikuja zaidi ya mara moja. Shule niliiachia darasa la nne. Mengine yote nilifundishwa na redio mbovu za watu wa Busia, pande zote mbili za mpaka.

Kifaa chenyewe ni kibano. Kile kile cha kung'olea mwiba, miguu miwili na ncha nyembamba, ila ncha za hiki zinang'aa kama dhahabu, na mgongoni kina kioo kidogo kama ukucha wa dole gumba. Unabana kitu, kioo kinakwambia: hii ni rezista, ya kupunguza umeme, omu kadhaa. Unaachia, unabana kingine: hii ni kapasita, ya kuhifadhi umeme, na uwezo wake ni huu. Hukuzungusha swichi yoyote. Hukukiambia unabana nini. Kinajua chenyewe. Siku ya kwanza nilibana rezista moja mara tisa nikitaka kuona kama kitabadilisha neno. Hakikubadilisha. Nikakiweka mezani, nikasogeza kiti nyuma kidogo.

Kililetwa na Nekesa. Huyu ni fundi wa simu upande wa Kenya, mama wa watoto watatu, ana meza yake na jina lake mjini. Sisi mafundi wa hapa tuna desturi: kifaa kigeni kikiingia, hakinunuliwi mpaka kilale kwa fundi mzee siku tatu. Zamani vililala kwa Wandera, mwalimu wangu. Wandera alipokufa vikaanza kulala kwangu, hata baada ya mimi kufunga duka na kubaki na meza moja tu hapa barazani. Mchuuzi alikuwa amemwachia Nekesa kibano hicho ili akijaribu, naye akavuka mpaka nacho, akaniambia, "Mzee Owor, kionje. Ukisema ni takataka, nakirudisha."

Kuonja si neno la mchezo. Wandera alikuwa anaonja kweli. Betri ndogo ya pembe nne aliigusa kwa ulimi, akakwambia imebaki nusu au imebaki robo. Bodi iliyoungua aliinusa kama mtu anayenunua samaki. Mimi nilipoanza kazi kwake nilishika kapasita kubwa ya televisheni ambayo sikuitoa moto kwanza, yaani umeme uliobaki ndani, ikanirusha mpaka kwenye gunia la makaa ya jirani. Wandera hakuinuka kitini. Aliuliza kama ni salama. Nilimjibu niko salama, baba. Akasema anaulizia kapasita.

Basi mimi na kibano tukaanza kuishi pamoja. Kwanza nilikosea, na makosa yangu nawapa bure. Nilichukua rezista kubwa, ya mamilioni ya omu, nikaishikilia kwa vidole huku na huku ili isiruke, nikaibana. Namba ikawa inashuka, inashuka, kadiri nilivyotoka jasho. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba kifaa hiki kina homa. Nekesa alipopita jioni akalisoma daftari, akacheka mpaka akaketi chini. Alisema nimejipima mwenyewe: umeme ulikuwa unapita kwenye vidole vyangu, na mimi ni mnyevu kuliko rezista. Kwa hiyo usishike kitu kwa vidole viwili. Kilaze kwenye meza kavu, kibano peke yake kikiguse.

La pili, usikiulize kitu kikiwa bado kwenye bodi halafu ukaamini jibu lote. Kwenye bodi vitu vimeshikana mikono. Ukimuuliza mmoja, wanajibu ukoo mzima. Inua mguu mmoja wa kitu chako kwanza, kitengane na wenzake, ndipo umuulize. Na kapasita yenye moto ndani, ukiibana kabla ya kuitoa moto, hapo umekiua kibano, na hakuna wa kumlaumu ila wewe.

Baada ya hapo kikaanza kunishangaza. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa vikapasita vidogo vya simu, vile vya rangi ya udongo, kila kimoja kidogo kuliko punje ya wimbi. Havina namba wala alama wala rangi ya kutofautisha. Miaka mingi nilivibandua kwenye bodi zilizokufa kwa sababu mimi kutupa kitu siwezi. Marehemu mke wangu alikuwa anasema naweka akiba ya mchanga, na alikuwa sawa, kwa maana kitu usichokijua jina utakitumia wapi? Siku ya pili nilimwaga kopo kwenye sahani nyeupe, nikakaa na kibano tangu chai ya asubuhi. Nabana punje, inajitaja. Nabana nyingine, inajitaja. Nikavipanga kwenye vizibo vya soda, kila kizibo na namba yake. Sikula mchana. Jamani, ule mchanga wote ulikuwa na majina. Ulikaa kwenye kopo chini ya kitanda changu miaka yote hiyo, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuuliza.

Sasa hapo ndipo nikaenda kuleta rezista ya Wandera, na hapo tukakosana, mimi na kibano.

Lazima mwelewe. Meta ya zamani ya mshale, kabla hujaitumia kupima omu, unairekebisha. Watu wengine wote duniani hugusanisha nyaya mbili za meta, halafu huzungusha kifungo mpaka mshale usimame kwenye sifuri. Wandera alikataa. Nyaya zake zilikuwa zimechakaa, na sifuri ya meta yake haikusimama. Alisema sifuri hakuna mtu amewahi kuishika mkononi, anza na kitu unachokijua. Alikuwa na rezista moja nene, ya kahawia, ya omu elfu moja, aliyoitoa kwenye redio ya mzungu wa kiwanda cha saruji huko Tororo. Kila asubuhi aliipima hiyo kwanza, akazungusha kifungo mpaka mshale useme elfu moja barabara. Ndipo kazi ianze. Mimi nilirithi meta na nilirithi rezista. Kila asubuhi ya maisha yangu ya kazi, kabla ya kumsalimia mteja, nilifanya hivyo hivyo. Haikunipita siku.

Nikaibana rezista ya Wandera na kibano. Kioo kikasema omu elfu moja mia moja na tisini.

Nikaibana tena. Vile vile. Nikaleta rezista nyingine za zamani kutoka kopo langu jingine, ambazo mistari yake ya rangi inayotaja omu naijua na mshale wangu unazikubali. Kibano kikaziongeza zote, kila moja kama sehemu moja kwa tano. Nikafurahi kidogo, sitaki kusema uongo. Nikaandika daftarini: kinajua majina, ila kinazidisha. Kama mizani ya mwenye duka.

Siku ya tatu Nekesa alikuja kuchukua uamuzi. Nilikuwa ndio namsomea daftari wakati shemeji yangu Adikini alipoingia na mfuko wa kiondo kifuani kama amebeba mtoto.

Adikini ni mjane wa rafiki yangu, anakaa Mukuju, na ndiyo maana namwita shemeji na yeye ananitukana anavyotaka. Siku hiyo hakunitukana. Alikuja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Hadithi yake ilikuwa hivi. Kuku wake walikuwa wale wa shingo tupu, wasio na manyoya shingoni, kizazi alichopewa na mama yake siku ya kuolewa, na mama yake alipewa na mama yake. Kideri kilipita Mukuju kikamaliza kuku wote bomani, jogoo na matetea, kwa wiki moja. Kilichobaki ni mayai aliyokuwa ameyaweka kwenye mashine ya kutotolesha kabla ya ugonjwa kufika. Trei mbili. Hakuna kuku mwingine wa kizazi hicho popote anapopajua. Na asubuhi hiyo, siku ya kumi na sita, mashine ilikuwa imezima. Mkwe wake alibaki nyumbani, ameyazungushia mayai blanketi na madumu ya maji ya moto, anabadilisha maji kila yakipoa.

Ndani ya kiondo alikuwa ameleta kile kisanduku kinachoongoza joto, na waya wake mrefu wenye kidude cha kuhisi joto kwenye ncha.

Nikafungua. Nekesa akasogeza kiti bila kualikwa. Macho yangu yaliona bodi, lakini vitu vyenyewe, ah, vilikuwa punje za wimbi. Mimi na meta yangu ya mshale tungekaa hapo mpaka mayai yaoze. Nekesa aliinua vitu vitatu, akavibana kimoja kimoja. Cha tatu kilikuwa kapasita, na kibano kikasema imekufa, umeme unapita ndani yake wazi kama maji kwenye mfereji. Akatazama kilichokaa jirani nacho, cha namna ile ile, akakibana ajue uwezo wake. Mimi nikaenda kwenye vizibo vyangu vya soda. Kizibo cha nne. Nilimkabidhi punje moja kutoka kwenye ule mchanga, akailehemu pale, na kisanduku kikawaka.

Adikini akashika kifua. Lakini kioo cha kisanduku hakikuonyesha joto, kilionyesha vistari tu. Tukatafuta tena, tukaona rezista moja karibu na kile kidude cha joto imepasuka katikati. Maandishi yake yalisomeka: omu elfu kumi. Nikasema hiyo ni kazi yangu. Nikachagua moja ya zamani kutoka kopo, rangi zake kahawia, nyeusi, machungwa, maana yake elfu kumi. Nikaipima kwa mshale, ikasema elfu kumi. Nikailehemu kwa mkono wangu mwenyewe. Kioo kikaleta joto. Adikini akaanza kufunga kiondo.

"Mama, usiondoke kwanza," Nekesa alisema.

Alikuwa amekiweka kibano juu ya rezista iliyobaki koponi, pacha wa ile niliyoitia. Elfu kumi na moja na mia tisa. Alisema polepole kwamba kisanduku kinajua joto kwa kulinganisha kidude chake na hiyo rezista, na rezista ikisema uongo, kisanduku kitasema uongo.

Nilimjibu kwamba rangi zasema kumi na mshale wasema kumi, mashahidi wawili, na wa kwake ni mmoja, mgeni, ana siku tatu mjini. Akatoa mfukoni rezista mpya, bado imeshikwa na karatasi yake, ya omu elfu moja. Kibano kikasema elfu moja kasoro moja. Mshale wangu ukasema mia nane na arobaini. Nikasema za siku hizi zinatengenezwa nyembamba.

Hapo sauti ilinipanda. Nilimwambia, "Mimi nimefanya kazi hii kabla mama yako hajaolewa."

"Ndiyo, Mzee," akasema. "Na hiyo rezista pia."

Hakusema kwa dharau, na ndiyo maana ilinichoma. Nilikuwa na neno kubwa mdomoni na sikulitoa, kwa sababu Adikini alikuwa anatutazama kama mtu anayetazama ng'ombe wawili wakipigana kwenye shamba lake la mihogo.

"Vitu yenu mimi sijui," alisema. "Mimi najua homa. Leteni maji ya moto na kile kitu ya kupima watoto."

Binti yangu alikuwa nacho, cha kuweka kwapani, cha kioo. Adikini alichanganya maji mwenyewe kwenye bakuli, akitia kiwiko kama anayetaka kumwogesha mtoto, akaongeza ya baridi kidogo. Akaingiza kipimo cha homa na kile kidude cha mashine, vyote pamoja, akavishika kwa mkono mmoja. Kipimo cha homa kikapanda kikasimama thelathini na nane. Kioo cha kisanduku kikapanda, kikapita hapo, kikasimama arobaini na mbili.

Sikuhitaji kufafanuliwa. Mashine ingeona joto limetosha wakati bado halijatosha, ingezima taa zake za kupasha joto, na mayai yangekufa kwa baridi siku tano kabla ya kutoka, huku kioo kikiwaambia watu wa Mukuju kwamba kila kitu ni sawa. Na rezista ile niliilehemu mimi mwenyewe.

Niliing'oa ile rezista. Nekesa akajifanya anatafuta lehemu ili asinitazame. Tukaweka yake mpya ya elfu kumi. Maji yakachanganywa upya, kipimo cha homa thelathini na nane, kioo thelathini na saba pointi tisa. Adikini akabeba kiondo chake akaondoka bila kunywa chai.

Tulibaki sisi wawili na bakuli la maji. Nikachukua tena ile rezista ya Wandera. Nataka mnielewe hapa, vijana, maana ndicho ninachokizungumzia tangu mwanzo. Hizi rezista nene za zamani zimetengenezwa kwa makaa, na makaa hunywa unyevu wa hewa. Mwaka kwa mwaka zinapanda kidogo kidogo. Ya Wandera ilipanda. Kila asubuhi mimi nikauvuta mshale uifuate. Na rezista za kopo langu, zilizokaa chumba kimoja na ile kwa miaka hiyo hiyo, zilipanda nayo. Kwa hiyo kila nilipopima, vyote vilikubaliana. Mshale, rangi, kopo, na mimi. Tulizeeka pamoja tukishuhudiana kwamba hatujazeeka.

Redio haikunifichua, kwa sababu redio haina kinyongo. Ukikosea sehemu moja kwa tano bado inaimba. Lakini kulikuwa na mzee mmoja wa Nabuyoga aliyeniletea stebilaiza, kile kisanduku cha kusawazisha umeme, mara tatu, akilalamika kwamba tangu niitengeneze taa zake zinaungua. Mara tatu nilipima na mara tatu nilimwambia kosa ni la umeme wa serikali. Yule mzee alikuwa anasema kweli. Alikufa akijua mimi ni fundi mbaya au yeye ana bahati mbaya, sijui lipi. Nilimwambia Nekesa habari hiyo, sikuwahi kumwambia mtu mwingine. Akauliza kama mzee yule aliacha watoto. Nikasema wapo. Akasema basi stebilaiza labda ipo pia. Nimekwenda. Ilikuwepo, imewekwa juu yake chungu cha maji. Nimeirekebisha na sasa inakaa sawasawa.

Uamuzi wangu juu ya kibano nauandika hapa kama nilivyouandika daftarini. Ncha zake ni laini mno, zikianguka sakafuni zinapinda, kwa hiyo kifungie kamba mkononi. Kioo chake ni kidogo kwa macho ya mzee. Kikiwa kwenye bodi nzima kinaweza kukudanganya bila nia mbaya. Kabla ya kazi, funga ncha zake zigusane, uone kinasema nini, halafu uziache wazi, uone tena. Ndiyo, ile sifuri ambayo Wandera aliikataa. Halafu kila mwezi kipimie kitu kipya kutoka kwenye karatasi yake, si kile ulichokizoea. Nekesa alikichukua. Baada ya hapo nami nikatafuta changu.

Siku ya ishirini na moja ya mayai Adikini aliniitisha Mukuju. Alisema nije mwenyewe nione kama nimeua au nimeokoa. Nilikuta wamekaa kuizunguka mashine, yeye na mkwe wake na majirani, kama watu walio kanisani. Ndani, yai moja baada ya jingine lilikuwa limetoboka. Nimefungua mashine nyingi maishani, na sijawahi kuona kitu kinajifungua chenyewe kutoka ndani namna ile, bila bisibisi, kwa kipande cha mdomo kidogo kuliko kapasita.

Vifaranga vilitoka vimelowa, vibaya, vimeshikana manyoya. Vingine havikutoka kabisa. Mayai yao yalibaki yamenyamaza pembeni, na hayo siwezi kujua ni baridi ya asubuhi ile au ni nini. Kilichotangulia kikakauka, na shingo yake ilikuwa na manyoya. Cha pili hivyo hivyo, na cha tatu, na cha saba. Majogoo wa majirani walikuwa wametembea sana kwenye boma lile kabla ya kideri. Majirani walishangilia, lakini nilimwona Adikini hashangilii. Alikuwa na kuku, ila hakuwa na wa mama yake.

Alasiri akanyoosha mkono akatoa kimoja kilichokuwa nyuma, kilichochelewa, bado kina unyevu mgongoni. Akakilaza kifudifudi kiganjani, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akainamisha kichwa akapuliza shingoni, polepole, kama unavyopuliza chai ya mtoto. Manyoya ya mgongoni yakafunguka. Ya kichwani yakafunguka. Shingoni hapakusogea kitu, pale palikuwa na ngozi tu, nyekundu na nyembamba, na mshipa mmoja unapiga ndani yake.